Ukuta wa Mbao wa Cwm Garwen

Bonde zima la Cwm Garwen lilijua kwamba mlima wao ulichimbwa madini ya risasi enzi za mababu. Meinir peke yake ndiye aliyeshikilia kwamba Warumi walitangulia, na chama cha historia kilimcheka mpaka akachoka kubishana. Basi siku alipogundua shimo la kale mlimani, alifunga mdomo. Aliwaogopa wezi wa vitu vya kale, na zaidi ya hao aliwaogopa watu wa chama cha historia cha bonde la pili, ambao wangekuja mbio na kujifanya wao ndio walioanza. Alimchukua Tudur tu, mume wa dada yake Eluned, kwa sababu alikuwa na mabega. Eluned aliambiwa wanakwenda sokoni.

"Akijua tumemdanganya, mimi ndiye nitakayelala kwenye kochi," Tudur alinung'unika wakiinama kuingia.

"Tembea, shemeji. Mdomo kama redio!"

Wachimbaji wa zamani hawakujisumbua kutoa mawe mabovu nje. Waliyarundika juu ya magogo yaliyokingamishwa shimoni, hapohapo juu ya vichwa vyao. Kila mtoto wa bonde lile anajua, na Meinir alijua. Lakini aliona gogo moja jeusi, kuukuu kuliko mengine, akatamani kipande cha kupeleka maabara wakapime umri wake. Akatoa msumeno.

"We Meinir, hilo limebeba..."

Mawe yakashuka.

Vumbi lilipotulia, Meinir alikuwa mzima. Njia ilikuwa imezibwa kabisa. Tudur alikuwa chali, mguu umebanwa na jiwe ambalo Meinir alilisukuma hadi akalia kwa hasira. Mfereji wa kutoa maji nao ulikuwa umezibwa, na maji yakaanza kupanda. Simu haikushika. Na hata wangetafutwa, jamani, wangetafutwa wapi? Sokoni?

"Nasikia upepo huko nyuma," Tudur alisema, meno yakigongana. "Nenda kaangalie."

Alienda na taa na sururu. Shimo liliishia kwenye ukuta wa mbao za mwaloni, zimebanwa kwa vigingi vya mti na kuzibwa kwa udongo wa mfinyanzi. Hapakuwa na msumari hata mmoja: kazi ya Warumi, aliamini. Upepo ulipenya kwenye nyufa, na chini yake mwanga kidogo. Ukuta ukivunjwa, maji yangeteremka bondeni, na mbao zingekwenda nayo. Moyo ulimruka kwa furaha, na wakati huo hakuona aibu yoyote.

"Meinir! Kuna nini?"

"Ukuta wa mbao!"

"Si uvunje!"

"Navunja, navunja!"

"Yamefika shingoni, dada'angu!"

Akaegemeza sururu ukutani, akatoa kamera. Akapiga kutoka kushoto, akapiga kutoka kulia, akasogea karibu apate vigingi vizuri. Nyuma yake Tudur alikuwa amebana midomo maji yasimwingie.

Ndipo akavunja. Maji yalimbeba yeye na mbao zake hadi nje kwenye mwanga, akapiga kelele mpaka mchunga kondoo akamsikia. Tudur alitolewa hai, na mguu wa kuchechemea.

Majira ya baridi ukumbi wa kanisa ulijaa watu waliokuja kumsikiliza Meinir. Picha ya mbao zile ilikuwa ukutani, kubwa, na hata watu wa bonde la pili walisimama kupiga makofi.

"Na mbao zenyewe ziko wapi?" mmoja aliuliza.

"Ilibidi nizivunje," Meinir alisema, "ili nimwokoe shemeji yangu."

Makofi yakazidi. Eluned, aliyeketi mbele kando ya mumewe, hakupiga. Alikuwa ameikodolea macho picha.

"Mbona hapo chini kuna maji?" aliuliza. Akasimama. "Meinir, ulipokuwa unapiga hii, mume wangu alikuwa wapi?"

Tudur akamshika mkono. "Kaa, mke wangu. Yameisha."

Eluned hakukaa. Meinir aliutafuta mlango kwa macho. Ulikuwa nyuma kabisa, na watu wote walikuwa katikati, wanasubiri jibu.