Banda la Bati la Mwalimu Hilari

Jumamosi ya kwanza ya Februari, saa nne asubuhi, Mwalimu Hilari alipigilia bati la mwisho kwenye banda la mbwa nyuma ya nyumba yake, Kibiti. Alilijenga kama wanavyojenga kwao Makete, ambako maji huganda ndani ya ndoo: bati pande zote nne, bati juu, dirisha hakuna. Mkewe, Consolatha, alimkumbusha kwamba huku ni pwani. Mwalimu alijibu kuwa baridi haina kwao.

Mbwa wao Chui akawa anafungiwa humo tangu asubuhi, kwa kuwa mbwa anayezurura mchana hulala usiku wezi wakija. Ufunguo ulikwenda shuleni na mwalimu. Consolatha alipenyeza maji chini ya mlango kwa sahani. Kufika adhuhuri sahani ilikuwa kavu, haishikiki kwa moto. Siku ya nne Chui hakutoka. Walimzika kando ya mpapai, na Consolatha akalia kama mfiwa, maana alikuwa mfiwa.

Kesho yake saa saba mchana Chui alirudi. Alilala ukutani mwa jiko, na pale alipolala udongo ukafanya barafu nyembamba, nyeupe kama chumvi. Kuku walisogea karibu. Paka wa jirani yao Mwanajuma alikuja akajinyoosha. Mwanajuma mwenyewe alileta jagi la maji ya ukwaju, akaliegemeza mgongoni mwa marehemu lipoe.

"Shoga, lile banda livunjeni," alisema. "Bati huku twaanikia dagaa."

Mwalimu aliporudi kutoka kazini aliikanyaga ile barafu. Akainama, akaigusa, akamgeukia mkewe.

"Si nilisema, Mama Richard? Hata huku ipo."

Jioni hiyo aliziba mianya yote ya banda kwa magunia. Jumapili alileta mbwa mwingine kutoka Mohoro, mdogo, masikio bado yameanguka, akamwita Tomi.

"Baba Richard, nakuomba," Consolatha alisema. "Huyu mwache alale na mwenzake pale ukutani."

"Afe kwa baridi?"

Jumatatu Consolatha alivunja kufuli kwa mchi. Tomi alishinda ubavuni mwa Chui, anahema polepole, na Consolatha alipepeta mchele huku akiimba. Jioni mwalimu alinunua kufuli kubwa zaidi. Hakumgombeza mkewe. Alimpenda yule mbwa. Alimtandikia sweta lake mwenyewe la sufu.

Tomi alikufa Alhamisi, juu ya sweta.

Ijumaa saa saba walikuja wawili, na barafu ikafika mpaka uani kwa Mwanajuma. Watu wa mtaa walileta mbuzi na bata wao, wakasalimiana, wakakaa. Mwalimu alisimama mlangoni kajifunika blanketi, machozi yanamlengalenga.

"Baridi hii itatumalizia mbwa," alisema, akaenda stendi kumpokea wa tatu.

Consolatha alichukua kigoda akakaa kati ya wale wawili. Aliposikia mbwa akibweka njiani, alisogea kidogo, akaacha nafasi.