Nyuso za Pembeni

Mastura alikuwa na tabia ya kuwapenda watu kabla hajawajua. Katika chumba cha giza nyuma ya studio ya baba yake, Mustapha, karibu na soko la Bukoba, nyuso zilijitokeza polepole kwenye karatasi ndani ya dawa, naye akazikaribisha moja moja kimoyomoyo. Kuwakaribisha wenye nyuso hizo mlangoni lilikuwa jambo jingine. Hapo alitazama miguu yao tu.

Kulikuwa na uso mmoja uliokataa kujitokeza.

Ulikuwa katika picha ndefu ya kwaya ya Buganguzi, iliyopigwa mwaka 1953. Mustapha alikuwa amenunua kwa Mzungu mmoja aliyerudi kwao kamera kubwa ya kupigia makundi, yenye lenzi pana iliyoweza kukusanya usharika mzima na migomba yake. Watu wa katikati walitoka safi, hata vifungo vya koti la mchungaji vilionekana. Lakini kadiri jicho lilivyokwenda pembeni ndivyo giza lilivyozidi, na mwisho kabisa wa mkono wa kushoto mwanamke aliyeitwa Alistidia alikuwa kivuli chenye kilemba.

Miezi michache baadaye Alistidia akafa kwa homa. Dada yake, Bibi Kokugonza wa Kishanda, akaja mjini kwa lori la kahawa kuuomba uso wake, maana marehemu hakuwa amepigwa picha nyingine maishani. Mastura aliirudia filamu ile kutwa nzima. Aliongeza mwanga, akapunguza, akabadili dawa. Pale pembeni filamu haikuwa imeshika kitu. Alipotoka kusema, aliitazama miguu ya bibi tu. Bibi mwenyewe ndiye aliyemshika bega. "Basi, mwanangu," alisema. "Basi."

Kwa hiyo mwaka uliofuata, waumini wa Kishanda walipotaka picha ya kanisa lao jipya, Mastura alimwomba baba yake amwachie kamera ile kwa muda.

"Ina ugonjwa, Baba. Nataka kuujua."

"Lenzi pana zote ziko hivyo. Ndivyo Mungu alivyoziumba."

"Lenzi hakuiumba Mungu, Baba. Waliitengeneza Wajerumani."

Mustapha akacheka, akamsukumia kamera.

Mastura aliupiga picha ukuta wa ghala la kahawa kule bandarini, akiweka karatasi ya picha mahali pa filamu, maana filamu za ukubwa ule zilikuwa adimu. Ukuta ulikuwa umepakwa chokaa nyeupe mwanzo hadi mwisho. Kwenye picha aliyoichapa kutokana na karatasi hiyo, katikati palikuwa mchana na pembeni magharibi. Alikaa kizingitini na kikombe cha chai, akakigeuza geuza. Ukikitazama kutoka juu, mdomo wake ni duara. Ukikitazama kutoka ubavuni, duara linabana, linakuwa kama jicho linalosinzia. Na tundu la lenzi ndivyo lilivyo. Aliye katikati hulikuta wazi kabisa. Aliye pembeni hulikuta limebana, na juu ya hayo mwanga wake una safari ndefu zaidi hadi kufika kwenye filamu.

Kuwaongezea watu wa pembeni mwanga hakuweza. Ila aliweza kuwapunguzia wa katikati. Alikata nyota kwa karatasi nyeusi inayofungiwa filamu, pana katikati na nyembamba nchani, akaitundika kwa pini mbele ya lenzi. Ikisimama, ingeacha kivuli chake kwenye picha. Ikizunguka kwa kasi, kivuli kingeyeyuka, na katikati pangepata mwanga wa kuonja tu huku pembeni pakishiba. Muda wa kupiga ukikaribia kwisha, nyota ingeondolewa, ili wa katikati nao wapate haki yao. Tatizo lilikuwa kuizungusha. Aliipuliza kwa mdomo mpaka akapata kizunguzungu. Kisha akaiona pampu ya baiskeli ya baba yake imelala chini ya benchi.

Baada ya karatasi nyingi kuharibika, ukuta ulitoka mweupe pande zote. Mustapha aliishika karatasi dirishani, akaigeuza juu chini, akatafuta giza, asilione.

"Kishanda tunakwenda na pampu," alisema.

Kishanda walikuta mabenchi yamepangwa kama upinde mbele ya kanisa, na katikati watu wamesongamana kama senene kwenye gunia. Ncha zote mbili zilikuwa tupu.

"Fundi, kamera yako tunaijua," alisema Mzee Rugaibula, mzee wa kanisa, akiwa ameketi katikati kabisa na kanzu yake imepigwa pasi. "Anayekaa pembeni inamzima. Ilimzima Alistidia, na haukupita muda akafa kweli."

"Elieza, hayo ni mapaja yangu," alilalamika mama mmoja, Ephrasia.

"Nivumilie jamani, waitu. Nina watoto wadogo."

"Na mimi nina mapaja."

Mustapha alibembeleza, akatania, akaapa. Hakuna aliyesogea. Filamu ilikuwa moja tu, na jua lilikuwa linakaribia mawingu ya ziwani. Mastura akajikuta amesimama mbele ya umati, kikombe cha mtu mkononi, akiongea Kihaya chake cha mjini. Akawaonyesha mdomo wa kikombe kutoka juu, kisha kutoka ubavuni. Akawaonyesha nyota.

"Alistidia aliondolewa na homa," alisema. "Kamera ilimnyima mwanga tu. Leo haitamnyima mtu."

"Umeijaribu kwa nani?" aliuliza Rugaibula.

"Kwa ukuta."

Kicheko kikapasuka. "Ukuta haufi, binti."

Ndipo Bibi Kokugonza akainuka katikati ya wanawake, akachukua mkeka wake, akaenda kuutandika mwisho kabisa wa mkono wa kushoto. Mastura alimfuata mbio.

"Bibi, si lazima."

"Tangu utoto watu waliniita kwa jina lake, naye kwa langu," alisema Kokugonza, akirekebisha kilemba. "Tulifanana kupita kiasi. Sina namna nyingine ya kumwona. Utanitoa?"

"Nitakutoa, Bibi," alisema Mastura, na neno lenyewe likamtisha.

Kisha Ephrasia akajikwamua. "Angalau kule mapaja yangu yatapumua," akasema, akaenda kuketi kando ya bibi. Wengine wakamfuata, kwanza wachache, halafu mabenchi yakajaa hadi ncha zote.

Ilitakiwa watulie muda mrefu kuliko picha ya kawaida. Yoeli, mwalimu wa kwaya, akasimama nyuma ya kamera. "Ubeti mmoja, moyoni," aliagiza. "Atakayetikisa kichwa nitamjua." Akainua kidole. Mustapha akafunua lenzi, Mastura akasukuma pampu, nyota ikavuma kama nyuki. Watu wote wale waliimba bila kufungua mdomo. Ubeti ulipokaribia mwisho, Mastura akaing'oa nyota, akashusha pumzi, na Mustapha akafunika lenzi.

Katika chumba cha giza hakuthubutu kuanza na upande wa kushoto. Aliuacha mpaka mwisho, akausogelea polepole, na alipoufikia alimwita baba yake kwa sauti ambayo Mustapha hakuwahi kuisikia kwake. Walisimama wote wawili juu ya sinia la dawa, wakicheka kama watu waliookota kitu njiani.

Jumapili iliyofuata picha ilitundikwa ukutani kanisani. Umati uligawanyika mara mbili ukakimbilia kwenye ncha zake. Mzee Rugaibula akabaki katikati, peke yake na uso wake.

"Na mimi je? Hamnitazami?"

"Wewe tunakuona kila siku, Tata," alijibiwa.

Bibi Kokugonza alipishwa njia. Alisimama karibu, akasogea mbali, akarudi tena. Mikunjo yote ilikuwepo, na shavu, na macho makali yakitazama moja kwa moja.

"Alikuwa ananitazama hivi hivi akinikasirikia," alisema taratibu. Kisha akacheka, machozi yakimtiririka. "Mwanangu, nitengenezee nyingine. Watoto wake wako Buganguzi. Wamwone mama yao kabla hawajamsahau."

"Nitaileta mwenyewe," alisema Mastura, mbele ya watu wote, bila kutazama miguu ya mtu.

Yoeli alikuwa anajitafuta toka mwanzo hadi mwisho wa picha, ndipo akakumbuka alikuwa nyuma ya kamera. "Hii haikubaliki," alisema. "Tunapiga nyingine."

"Nyingine nitakaa pembeni," alisema Mzee Rugaibula.

Ephrasia akamgeukia. "Pembeni kumejaa, waitu."