Komeo la Ofisi ya Kibugu

Mwaka wa 1994 nilitoka chuoni na diploma ya ustawi wa jamii, viatu vya kisigino na kichwa kilichovimba. Nikapelekwa Kibugu, kwenye ofisi ndogo ya kanisa iliyopakana na mashamba ya chai, nifanye kazi chini ya Mama Munyi. Jina lake halisi lilikuwa Gladwell, lakini hakuna aliyelitumia. Hakuwa na diploma. Alikuwa na koti la kijani la kiume, na miaka kumi na mitano ya kuingia nyumba za watu bila kufukuzwa. Nilimpenda siku ile ile, ingawa nilidhani mimi ndiye nitakayemfundisha.

Kesi yangu ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja, Rwamba. Nyumba yake huko Bonde la Ufa iliteketezwa katika vurugu za 1992, yeye na binti yake wakiwa ndani. Waliponea chupuchupu. Alirudi kwao Kibugu akiwa mgonjwa, hajiwezi, na mtoto, Kathambi, akapelekwa kwenye makao ya watoto mjini Embu. Sasa Rwamba alikuwa amepona na alimtaka mtoto wake. Kamati ingekaa Alhamisi kuamua, na ilingoja ripoti yangu.

Alikuja Jumatatu, asubuhi ya ukungu. Kwetu huku kwenye baridi, mgeni unamwingiza ndani, unafunga mlango, unamsogezea jiko. Nilifanya yote hayo, tena nikasukuma komeo, kwa sababu chuoni tuliambiwa siri za mteja zilindwe. Makaa yalikuwa na unyevu, yakafuka moshi. Nikaketi mbele yake, kalamu mkononi.

"Nieleze tangu mwanzo. Siku ile ya moto ilikuwaje?"

Rwamba alitazama jiko. Akatazama komeo. Kisha akainuka, akahangaika nalo mpaka likafunguka, akatoka mbio mpaka barabarani. Leso yake ilibaki kitini.

Nilikasirika, sitadanganya. Nikaandika: Mteja hataki kushirikiana. Nikapiga mstari chini yake.

Mama Munyi aliisoma ripoti akiwa amesimama.

"Hii ukipelekea kamati, huyo mtoto atarudi kwa mamake?"

"Hapana."

"Ulikuwa umefunga mlango?"

"Si kulikuwa na baridi, Mama Munyi? Na nilimwashia jiko."

"Purity. Mtu ametoka kwa nyumba inachomeka. Wewe unamfungia ndani na moshi, halafu unamwambia akuambie story ya moto?"

Hakupaza sauti. Afadhali angenizaba kofi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, nikalia kama mtoto wa shule ya nasari. Alinimiminia chai, akatia sukari vijiko vinne.

"Kunywa. Hata mimi nimefanya ujinga mwingi. Kesho vaa gambuti, hivyo visigino uviache."

Jumanne tulimkuta Rwamba akichuma chai katika shamba la kaka yake. Mama Munyi alimwita kwa jina tukiwa bado mbali, akasimama mwisho wa mstari.

"Tumekuja kukusaidia kuchuma. Ukitaka turudi, tutarudi."

Nikampa Rwamba leso yake. Akanionyesha kwa kidole mstari uliokuwa karibu na wake.

Kwenye chai kila mtu ana mstari wake na macho yako kwenye majani, kwa hiyo hakuna anayekukodolea. Nilichuma kwa uzembe, na Rwamba akawa anayatoa majani magumu kikapuni mwangu. Sikuuliza kitu. Kwa mtu mwenye mdomo kama wangu, hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko diploma nzima.

Kikapu kilipofika nusu, akasema, "Madam, siku ile mlango ilikuwa imefungwa kwa nje."

Mikono yangu ilisimama. "Nilikukosea, mama. Nisamehe."

"Hukujua."

"Sasa najua. Alhamisi ungetaka kukaa wapi?"

Alimaliza kichaka kizima kabla ya kujibu. "Penye naona nje."

Alhamisi mvua ilinyesha. Mwenyekiti wa kamati, mwalimu mstaafu Mwaniki, alikuwa na kifua kibovu.

"Purity, funga mlango, tutaganda!"

Nilimwogopa sana mzee huyo. "Hapana, mwalimu. Leo hatufungi."

Mama Munyi alivua koti lake la kijani, akamfunika mabegani bila kuomba ruhusa. Kamati ikacheka. Rwamba aliketi karibu na mlango, akawaeleza Kathambi atalala wapi na nani atamsindikiza shuleni. Hakuna aliyemuuliza habari za moto. Nilikuwa nimewasihi mapema. Katika ripoti nilikuwa nimefuta maneno yangu na kuandika: Aliyekosea ni mwandishi.

Walikubali wote.

Kathambi aliletwa ofisini Jumamosi, msichana wa miaka saba aliyevaa sweta kubwa. Mama yake alikuwa ndani akimngoja, akilia tayari. Mtoto hakuingia. Alisimama kizingitini akapapasa mlango kwa ndani, pale lilipokuwa komeo, na hapo nikafahamu kwamba mimi nilikuwa nimemfikiria mama peke yake. Lakini komeo halikuwepo. Mama Munyi alikuwa amelifungua na kulitoa Ijumaa kwa kisu cha jikoni, yakabaki matundu manne ya skrubu. Kathambi akatia kidole katika kila tundu, moja moja. Kisha akakimbilia kwa mama yake.