Nyumba ya Kadhi

Bi Mwanafatuma alipopata safari ya Makka, watu wa Ukunda walidhani kitakachomhangaisha ni nyumba. Wapi! Funguo za nyumba alimpa jirani yake Bi Mwanaima bila hata kugeuka nyuma. Kilichomnyima usingizi ni kobe.

Kobe mwenyewe alikuwa mchanga, anaenea kiganjani, gamba lake la manjano lina mabaka meusi. Mvua zile kubwa za El Niño zilimsomba kutoka huko anakokujua mwenyewe zikamtupa kwenye kizingiti cha jikoni. Bi Mwanafatuma ni mjane, na watoto wake wameshatawanyika, mmoja baharini, mwengine Msambweni kwa mumewe. Alimwokota yule kobe, akampangusa kwa pindo la leso, akampa jina la Kadhi. Alisema ukimwuliza jambo, hurudi ndani kwanza akalifikiri.

Asubuhi ya safari alibisha hodi kwenye chumba cha nyuma, alimokaa mpangaji wake Mbithi. Huyu alikuwa Mkamba wa Wamunyu, mchongaji wa vinyago. Kwa miaka alikuwa amechonga twiga, simba na kobe akiwauzia watalii kando ya barabara ya Diani, na maisha yakaenda vizuri. Lakini tangu zile vurugu za mwaka uliotangulia, watu wa bara walipofukuzwa pwani, watalii walikuwa wameadimika, na wapangaji wenzake wa bara walikuwa wamefunga virago mmoja baada ya mwengine. Mbithi naye alikuwa ameshakata shauri kwamba mwisho wa mwezi anarudi kwao. Siri hiyo aliijua rafiki yake mmoja tu, Munee, askari wa lango la hoteli.

"Shikamoo, Bi," alisema Mbithi.

"Marahaba, mwanangu. Nyosha mkono."

Akaunyosha, na Kadhi akawekwa juu yake.

"Huyu ni amana. Uani kumejaa maji, na kunguru hawa wa siku hizi hawana haya, watamtoboa macho. Mweke ndani. Nikirudi, inshallah, nimkute mzima."

"Lakini Bi, mimi…"

"Mimi sikuuliza," alisema Bi Mwanafatuma, na gari likaja kumchukua.

Mbithi alibaki mlangoni, mkono bado umenyooka. Kurudi Wamunyu kukawa hakupo tena, angalau mpaka bibi huyo arudi. Na si hilo tu. Pale mtaani, aliyeaminiwa na Bi Mwanafatuma aliaminiwa na wote, na aliyemvunja moyo hakuuziwa hata mkate wa mofa. Mwaka ule, mtu wa bara aliangaliwa mara mbili kila alipopita, na yeye akaachiwa amana! Aliona fahari, na papo hapo akaona hofu. Kobe huyu akifa mikononi mwake, atamtazama vipi bibi wa watu, katoka kuhiji?

Alimtia Kadhi kwenye karai, akachutama kumwangalia. Hapo ndipo aibu ilipomshika. Kobe wa mti alikuwa amechonga wengi mno, lakini aliye hai hakuwahi kumshika. Wale wake wote walikuwa wanatabasamu. Huyu hakuwa na dalili ya tabasamu. Alikuwa na uso wa mzee aliyecheleweshewa chai.

Mtu mwengine angetafuta katoni ya sabuni mambo yakaisha. Mbithi hakuwa mtu wa katoni. Alibomoa kabati lake, ambalo milango yake ilikuwa imeshaanguka, akapata mbao nzuri, na kwa kuwa wateja hawakuwapo, akaifanya kazi ile kama ameagizwa na mfalme. Alijenga nyumba ya kobe yenye urefu wa kitanda cha mtoto, na ramani akaichukua kwenye nyumba ya Bi Mwanafatuma mwenyewe: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba viwili nyuma. Paa hakuweka, ili mtu aweze kuchungulia. Kuta alizipandisha juu kiasi cha Kadhi kutoweza kuzikwea, kisha akazichonga maua na minyororo mfano wa milango ya zamani.

Chumba kimoja alikielekeza dirishani kipate jua, na juu yake akaning'iniza balbu kwa siku za mvua. Cha pili alikiacha na kivuli, ndani yake akapindua kigae cha chungu kiwe maficho. Kisahani cha maji alikizamisha sakafuni, mwenyeji asije akajikwaa. Munee alipoona kazi hiyo alishika kiuno.

"Wee Mbithi, hii keja ni poa kuliko yangu. Yangu hata dirisha haina."

Ikabaki sakafu. Na hapa bwana fundi wetu hakufikiri hata dakika. Mchongaji ana utajiri mmoja usiokwisha, nao ni maranda, vile vipande vyembamba vinavyobanduka kwenye mti. Alikuwa na gunia zima la maranda ya muhugu, mti ule mwekundu wenye harufu inayojaza nyumba, laini na makavu. Akayamwaga mpaka kila chumba kikawa na zulia. Kisha, kwa kuwa kitu hakijawahi kutoka mkononi mwake bila kung'arishwa, akachukua kopo la rangi ya viatu akazipiga kuta zikawaka. Rangi ikabaki kidogo kwenye kitambaa. Akamtazama Kadhi. Naam, na yeye akampaka kidogo mgongoni.

Kadhi alitembea barazani, akaingia ukumbini, akajisaidia katikati. Mbithi alichukulia kwamba ameridhika.

Siku za kwanza mambo yalikuwa shwari. Mbithi alinunua mchicha na matembele sokoni, na wauza mboga wakamtania kwamba ameoa. Kisha Kadhi akaanza kuacha chakula. Mara akalala kutwa kwenye kona, halafu macho yakamvimba yakafumba kabisa, na puani pakatoka kijitone cha maji. Ukimgusa, alivuta kichwa kwa uvivu, kana kwamba hata kuogopa kumemchosha.

Mbithi alichanganyikiwa. Wazo lake la kwanza lilikuwa rangi ya viatu, akajilaani kwa Kikamba na kwa Kiswahili. Akamwosha kobe kwa maji ya uvuguvugu na mswaki, akazisugua na kuta mpaka zikapauka. Haikusaidia. Akabadilisha majani, akabadilisha maji, akawasha balbu, akaizima. Kadhi hakufumbua jicho, na Mbithi akaona chakula chake mwenyewe hakipiti kooni.

Munee alikuja akatazama, akatikisa kichwa. Kesho yake alirudi akiwa ameshika kofia yake ya kazi mikononi, akaiweka juu ya meza. Ndani mlikuwa na kobe mwengine, mchanga vilevile, mwenye macho makavu na njaa ya kuonekana.

"Binamu yangu anauza mbuzi Samburu, hii ya Kwale. Amemwokota kando ya barabara kuu. Size ni ile ile. Huyo wako akienda, unaweka huyu. Mama hatajua. Kobe ni kobe tu, bana."

Mbithi alimwinua yule mgeni. Miezi michache nyuma angekubaliana naye, kwani kobe wake wote wa mti alikuwa amewachonga kwa kiolezo kimoja. Lakini sasa alikuwa amemtazama Kadhi kila siku kwa macho ya kazi. Alijua bamba lake la tatu mgongoni lina upande mmoja mpana kuliko mwengine. Alijua mguu wa kushoto wa mbele hutangulia anapoanza safari, na kwamba hula ubavu wa jani kwanza. Huyu wa kofiani alikuwa kobe mzuri wa watu, ila hakuwa Kadhi.

"Chukua, Munee. Mrudishe porini."

"Wee unajiletea shida."

"Najua."

Munee alitoka amenuna, kofia yake kifuani.

Mbithi hakujua afanye nini tena. Alipiga magoti, akatia kichwa chake ndani ya nyumba ile, shavu sakafuni kwenye chumba cha Kadhi, apate kumwona usoni. Akakaa hivyo akimbembeleza. "Amka, mzee. Amka ule. Bibi anarudi, nitamwambia nini?" Alikaa muda, mpaka akapiga chafya. Akapiga nyingine. Macho yakaanza kumwasha, machozi yakamtoka, na hayakuwa ya huzuni peke yake.

Hapo akakumbuka. Alipopelekwa kwa mjomba wake kufundishwa kazi, mwezi wa kwanza hakuona vizuri. Macho yalimvimba na pua ikachuruzika, na mafundi wakamcheka wakisema muhugu unamsalimia mgeni. Wanagenzi wote walipitia hayo, kisha mwili ukazoea, na yeye akasahau kwamba mti ule una ukali. Sasa alikuwa amemlaza kiumbe mdogo usiku na mchana juu ya maranda yaleyale, chini ya balbu ya kuyapasha moto, pua yake imegusa sakafu! Harufu aliyoiona zawadi ndiyo iliyokuwa ikimmaliza mwenzake.

"Yesu wangu," alisema, akaruka juu na kugonga kichwa kwenye balbu.

Alimtoa Kadhi, akakung'uta nyumba nzima uani, akaifuta kwa maji kona kwa kona na kuianika. Akaenda akachota udongo mwekundu penye kichaka, akauchanganya na mchanga, akautandaza, na juu yake akatupa majani makavu ya mwembe na nyasi. Nyumba ilipoteza umaridadi wake wote. Ilinuka shamba baada ya mvua. Kila asubuhi alimwogesha Kadhi kwenye sahani ya maji ya uvuguvugu na kumpangusa macho kwa pamba. Jicho moja lilifunguka kwanza, likamtazama kwa lawama, nadhani kwa haki kabisa. La pili likafuata. Siku Kadhi alipouma jani la matembele na kulivuta, Mbithi alipiga kelele hata Bi Mwanaima akatokea dirishani kwake akiuliza nani kafa.

"Hakuna aliyekufa, Bi! Amekula!"

Tangu hapo ilikuwa ni kula na kuota jua, kula na kuota jua. Kadhi alichimba ukumbi, akahamisha baraza, akapindua kigae. Kila bamba la gamba lake likaota ukingo mpya mweupe, na mwili ukatanuka.

Bi Mwanafatuma akarudi. Mtaa ulijaa dufu na udi, watu wakimshika mkono Hajjat na kugawiwa tende na maji ya zamzam. Mbithi alingoja chumbani amevaa shati lake la kanisani. Wageni walipopungua, alasiri, mlango ukagongwa.

"Shikamoo, Hajjat. Karibu tena."

"Marahaba." Aliinama juu ya nyumba ile, akaitazama baraza, ukumbi na maua ya kuta, na uso wake ukalainika. Kisha akamwinua kobe, akamgeuza huku na huku. Uso ukabadilika.

"Huyu siye."

"Ndiye, Hajjat."

"Kadhi nilimwacha anaenea hapa," akaonyesha kiganja. "Huyu anamwagika. Na huyu ana mistari myeupe, wangu hakuwa nayo. Na Bi Mwanaima amenambia yule rafiki yako askari aliingia humu na kobe ndani ya kofia. Nataka kusikia kwako, Mbithi, si kwa mtaa."

Angeweza kusema mengi. Angeweza kusema Bi Mwanaima haoni vizuri, na hilo lingekuwa kweli. Lakini alichoka ghafla na hofu yake.

"Munee alimleta kweli, kwa sababu Kadhi alikuwa anakufa. Na aliyekuwa anamuua ni mimi." Akaeleza yote: maranda, macho, rangi ya viatu mgongoni, kofia, chafya. Hakujipunguzia. "Nilimshika yule mwengine, Hajjat. Nilimshika nikafikiri. Halafu nikaona siwezi. Huyu ni Kadhi, amekua tu. Ukiona sisemi kweli, mimi sina la kuongeza."

Bi Mwanafatuma alimwinamia kobe. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na Mbithi akadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Rangi ya viatu!" alisema. "Ya Rabi! Nyeusi au ya kahawia?"

"Ya kahawia."

"Afadhali." Akajipangusa macho. "Aliyenibadilishia kobe angeniapia kwamba Kadhi hakuugua hata siku moja. Wewe umejimwaga mwenyewe mpaka tone la mwisho. Basi ni yeye."

Alikaa juu ya kigoda, kobe mapajani. Aliposema tena, sauti ilikuwa ya chini.

"Mwanangu Muhsina, yule wa Msambweni, alinigombeza. Kwa nini usinipe mimi, wampa mtu wa bara anayeweza kuhama kesho? Nikamwambia, kwa sababu hiyohiyo. Wiki ile kabla ya safari nilikuona ukizipaka patasi zako mafuta na kuzifunga kitambaani. Fundi hafungi vyombo hivyo kama kesho ana kazi. Wenzako wote wameondoka bila hata kuniaga, na mimi nikajiuliza, nitarudi kwenye nyumba ya vyumba vitupu? Nikasema, nikimwachia roho mkononi, huyu hatoki."

Mbithi alitazama chini, na furaha ikamjia bila taarifa.

"Sasa nimerudi," alisema Bi Mwanafatuma, "na huna deni la amana. Ukitaka kwenda kwenu, nenda kwa heri, na dua zangu unazo. Lakini nakuuliza kwanza. Kobe huishi muda gani?"

"Wanasema hupita umri wa mtu, Hajjat."

"Ehee." Akasimama, akanyosha kanga yake, akamrudishia kobe mkononi. "Mimi mtu mzima. Sitamwona akizeeka."

Akatoka. Mbithi alibaki na Kadhi kiganjani, mzito kuliko siku ile ya kwanza. Kisha akamrudisha ukumbini kwake, akakifungua tena kile kitambaa cha vyombo na kutoa patasi, kwa sababu nyumba ile ilikuwa imeshakuwa ndogo.