Nyuma ya Kombaini ya Doto

Msimu wa mwaka themanini na tatu nilipewa filimbi, na filimbi ile ikanipanda kichwani. Kabla ya hapo nilikuwa mtunza stoo tu, mtu wa kugawa nati na mikanda ya mashine, kijana wa Dongobesh aliyemaliza kidato cha nne na kudhani nchi nzima ilikuwa inamsubiri amalize. Msimamizi wa mavuno aliyekuwapo akahamishwa, na meneja wa shamba, Bwana Qamara, akaniita ofisini akaniambia nishike nafasi ile kwa majaribio. Shamba lilikuwa la serikali, maelfu ya ekari za ngano chini ya mlima Hanang, na kombaini sita za kuvunia. Mwaka uliotangulia mavuno yalipungua na hakuna aliyeweza kueleza kwa nini. Bwana Qamara hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema nikigundua ngano inapotelea wapi, kazi ni yangu. Nisipogundua, narudi kwenye nati.

Niseme ukweli, niliitaka kazi ile kuliko nilivyomtaka mke wangu siku za kumposa. Yeye mwenyewe anajua, tumeshalizungumza.

Tatizo langu ni kwamba nilikuwa na jibu kabla sijatafuta. Kila mavuno, wanawake wa Gendabi na Balangdalalu walikuja na nyungo, mifagio na magunia matupu, wakatembea nyuma ya kombaini wakiokota ngano iliyodondoka. Walifagia, wakapepeta, na jioni kila mmoja aliondoka na kitu kichwani. Mimi nikaona wezi. Niliamini kwamba wakati hakuna anayewatazama wanakata na ile iliyosimama, na kwamba ndiyo maana ghala halijai.

Basi nikapanda trekta na filimbi yangu, nikaanza kuwafukuza. Asubuhi ya kwanza niliwatimua mara tatu. Kulikuwa na mama mmoja wa makamo, Fabiola, mjane wa Gendabi aliyelima ekari mbili za mahindi mpakani mwa shamba letu, na wenzake walimfuata kwa kila jambo. Umri wake ulikuwa wa mama yangu. Mtu wa umri ule ukikutana naye unasimama, unampa shikamoo, unasubiri akuitikie, kisha ndipo unasema lililokuleta. Mimi nilipuliza filimbi nikiwa juu ya trekta, vumbi likamwingia machoni. Najua nilivyokosea, na hata siku ile nilijua. Nilijiambia kwamba ukishamwamkia mtu kwa heshima huwezi tena kumfukuza, na kazi yangu ilikuwa kufukuza.

Jambo la pili nililofanya nililionea fahari kubwa zaidi. Nilitundika ubao kwenye ukuta wa karakana, nikaandika majina ya madereva sita wa kombaini, na kila jioni nikaandika ekari alizovuna kila mmoja. Wa kwanza alipata kilo mbili za sukari. Siku hizi mtu anaweza kucheka, lakini miaka ile sukari ilikuwa haionekani madukani, na kwa kilo mbili mtu mzima angeweza kuacha kula mchana. Niliipata kupitia duka la wafanyakazi, kwa kumbembeleza mwenye duka mpaka akachoka.

Doto alishinda siku ya kwanza, akashinda ya pili, akashinda ya tatu. Alikuwa mtoto wa mzee Tawakali, mfanyabiashara wa Katesh. Kijana mwenyewe alikuwa mcheshi, mwepesi, na aliendesha kombaini yake kana kwamba ameiba. Nilimsifu mbele ya wenzake. Gervasi, dereva mkubwa kuliko wote kwa umri, alikuwa wa mwisho kila siku, na vijana wakaanza kumwita Konokono. Nami nilicheka pamoja nao, mbele yake.

Siku ya tano Bwana Qamara alirudi kutoka ghalani na uso ambao haukuhitaji maelezo. Mavuno ya sehemu tulizomaliza yalikuwa yamepungua vilevile kama mwaka jana, pengine zaidi. Nikamwambia habari za wanawake. Akaniuliza nimewafukuza kwa siku ngapi. Nikasema tano. Akauliza kama ngano imeongezeka. Nikasema bado. Akaniambia atakuja Jumamosi, na kama hali itakuwa hii hii nianze kutafuta funguo za stoo.

Nilitoka pale nikihesabu siku zilizobaki. Kama haitoshi, dizeli iliyobaki ilikuwa ya kombaini tu, trekta langu likalazwa. Kwa hiyo siku iliyofuata, Jumatano, niliingia shambani kwa miguu, na mtu akitembea kwa miguu anaona mambo ambayo hayaonekani kutoka juu. Niliona kwamba wanawake hawakuwa wametawanyika shambani. Wote, kama thelathini hivi, walikuwa nyuma ya kombaini moja. Nilipotazama vizuri ilikuwa ya Doto. Nyuma ya Gervasi hapakuwa na mtu.

Mwanzoni nilidhani wanampenda kwa sababu ya ucheshi wake. Nilikuwa mjinga kiasi hicho.

Mama Fabiola alikuwa ameketi pembeni, anatoa mwiba mguuni. Wenzake waliponiona walianza kukimbia, yeye hakuweza. Nikafika pale nikiwa sina trekta na sina pa kujificha, nikasema shikamoo mama. Alimaliza kwanza na mwiba wake. Kisha akanitazama kwa muda ambao niliuona mrefu sana, akaitikia marahaba, akaniuliza mimi ni wa nani. Nikamwambia ni Hermani, mtoto wa Hhando wa Dongobesh. Akauliza hali ya wazazi, mvua za kwetu, ng'ombe. Nilijibu moja baada ya jingine. Mwishowe nikamuuliza kilichonileta, na nilikiuliza kwa adabu kwa sababu nilikuwa naogopa: kwa nini wote wanamfuata Doto.

Kwanza aliwatazama wenzake waliosimama mbali na nyungo zao, akatazama gunia lake ambalo lilikuwa limeshajaa nusu na saa nne haijafika.

"Kaa chini," akaniambia. Nikakaa kwenye mabua.

"Sisi hatuibi, mwanangu. Tunafuata inapomwagika. Yule kijana anakimbia, na mashine yake inatema ngano pamoja na makapi. Nyuma ya yule mzee hatuendi. Nyuma yake hata kuku angelala njaa."

Nilimshukuru nusu nusu, maana sikumwamini. Nikaenda mwenyewe nyuma ya Gervasi, nikapiga magoti, nikafunua majani makavu yaliyoachwa na mashine. Mahali pa kutosha nyayo zangu mbili nilipata punje nane. Nikavuka hadi kwa Doto, nikapiga magoti tena. Pale sikumaliza kuhesabu. Zilikuwa zimelala chini ya majani, nene, safi. Kombaini ikikimbizwa inameza mabua mengi kuliko inavyoweza kuchekecha, punje hazipati nafasi ya kutengana na makapi, zinatoka nyuma pamoja nayo. Gervasi alikuwa analijua hilo miaka yote. Hakuna aliyemuuliza, na mimi nilikuwa namcheka.

Nilikuwa nimepata jibu alilolitaka Bwana Qamara, na lilikuwa na jina: Doto. Ningeweza kulipeleka ofisini mchana ule ule, Doto akafukuzwa, nami nikabaki msimamizi. Nakiri nilisimama, nikajipangusa magoti, nikaanza kuelekea ofisini. Nilifika karakana, na ukutani ukanisubiri ubao wangu, na mwandiko wangu mwenyewe, Doto juu, Gervasi chini. Doto hakufanya zaidi ya nililomlipa afanye. Mwaka uliopita alikuwa anaendesha kasi kwa ujana wake. Mwaka huu alikuwa anaendesha kasi kwa sukari yangu. Niliona aibu, aibu ya kweli ya kushika masikio.

Sikwenda ofisini. Asubuhi niliwaita madereva wote, nikafuta ubao mbele yao kwa mkono wa shati, nikawaambia kwamba ngano tunaimwaga sisi, na kwamba aliyewafundisha kuimwaga msimu huu ni mimi. Doto akauliza kama anatakiwa kurudisha sukari, maana mama yake ameshainywa. Watu wakacheka na hewa ikawa nyepesi. Kisha nikamgeukia Gervasi, nikamwomba radhi kwa lile jina la Konokono, nikamwomba apande na Doto siku nzima amwonyeshe mwendo wake. Mzee yule alitengeneza kofia yake mara mbili. Akasema atapanda, lakini Doto asiimbe.

Tukaweka utaratibu mpya. Kila baada ya mzunguko dereva anashuka, anatembea nyuma ya mashine yake mwenyewe, anafunua majani na kutazama. Sukari iliyobaki tuligawana wote sawasawa, kijiko kwa kijiko. Ekari kwa siku zilipungua, na wasiwasi niliokuwa nao, usiniulize, lakini magunia yaliyotoka kwenye kila ekari yalianza kuongezeka siku ile ile.

Jumamosi Bwana Qamara alikuja. Nilimweleza yote, pamoja na ubao, pamoja na sukari, pamoja na kucheka kwangu. Sehemu yangu sikuiruka, ingawa pale ndipo kazi ingeweza kuondoka. Bwana Qamara alitembea hadi nyuma ya kombaini ya Doto akiwa na viatu vyake vya ofisini, akachuchumaa, akafunua majani, akahesabu kwa kidole. Akasimama.

"Endelea," akasema. Nikaelewa kwamba nimepata kazi.

Ningependa kuishia hapo, na kwa miaka kadhaa nilipokuwa nikihadithia nilikuwa naishia hapo. Lakini tulipogeuka tuliwaona wanawake. Walikuwa wamekaa kwenye mpaka wa shamba na nyungo zao mapajani, na hawakuwa wanafanya chochote. Hapakuwa na cha kuokota. Mama Fabiola alikuwa mbele, gunia lake limekunjwa vizuri chini ya makalio kama mkeka.

Ndipo nikaelewa alichokuwa anakitazama siku ile ya mwiba, kabla hajanijibu. Alikuwa anatazama chakula cha miezi mitatu. Alijua kabisa kwamba akiniambia ukweli, ukweli ule utafunga gunia lake na la kila mwanamke aliyesimama pale. Na aliyekuwa anauliza alikuwa kijana aliyemtilia vumbi machoni.

Nilijisikia vibaya sana. Nilikuwa na kazi kwa dakika tano tu, na nikajua kwamba lazima niihatarishe tena. Nikamwambia Bwana Qamara kwamba kombaini haiwezi kugeukia kwenye kona za mashamba, wala kando ya vichuguu na makorongo, na kwamba ngano ya sehemu zile kila mwaka tunaiacha inaanguka, kisha tunaifukia tukilima. Nikaomba akina mama wale waruhusiwe kuikata kwa mundu, iwe yao, kwa ruhusa na si kwa kufumbiwa macho.

Akaniuliza kama si mimi niliyekuwa nawapulizia filimbi wiki ile ile. Nikasema ni mimi. Akauliza kama nina hakika hawatavuka kona. Nikasema wakivuka, kosa liwe langu. Alitazama mlima, ambao siku hiyo ulikuwa hauna wingu, akasema haya, na siku moja wakivuka tu, mimi na stoo.

Hawakuvuka, si mwaka ule wala miaka sita iliyofuata niliyofanya kazi pale. Kinyume chake, wao ndio waliokuwa wakija kuniambia kombaini ipi imeanza kutema, mkanda upi unalia, ng'ombe wa nani wameingia. Shamba zima lenye ofisi, na watu walionijulisha hali yake vizuri kuliko wote walikuwa akina mama wenye nyungo. Leo nina mashine zangu mbili za kusaga pale Dongobesh, na watu wakiniuliza nimefanikiwaje nawaambia nilijifunza kwa wanawake wa Gendabi. Wanadhani nafanya utani.

Ile Jumatatu, siku ya kwanza ya kona, nilikwenda kuwaona. Mama Fabiola alikuwa ameinama, anakata kwa mwendo wa pole ambao ungemfurahisha Gervasi. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinuka. Nikamwambia nimekuja kumshukuru, safari hii kikamilifu, kwa sababu sasa naelewa alichojinyima kwa kunijibu. Akaendelea kukata hadi akamaliza fungu lililokuwa mkononi, akalifunga kwa nyasi, ndipo akaniinulia uso.

"Na wewe ungekuwa mimi," akasema, "ungesema?"

Nilitaka sana kusema ndiyo. Nilikuwa msimamizi wa mavuno, nina cheo, watu wananisikiliza. Nikamwambia hapana mama, ningenyamaza, ningejaza gunia langu.

Alicheka mpaka akakaa chini, na wenzake wakageuka kutazama kuna nini. Kisha akachukua mundu wa jirani yake aliyekwenda kunywa maji, akaniwekea mkononi, akanionyesha mahali pa kuanzia. Tukakata kona ile pamoja mpaka ikaisha.