Upendo wa Kuagiza

Watu wana uso mkavu, jamani. Mtu anaweza kumnyang'anya mama watoto wake, kisha akaenda kuagiza mchoro wa mapenzi ya mama autundike sebuleni.

Ngoja nieleze. Karakana yetu inanakili kwa mkono michoro ya kale ya Flandria, kule Ulaya, ile ambayo kila mtu ndani yake ni fumbo. Mzee mwenye mabawa ni Wakati. Mwanamke mwenye mizani ni Haki. Mwanamke aliyezungukwa na watoto watatu, mmoja ananyonya na wawili wamemwinulia macho, huyo ni Upendo. Siku hizi wateja hawataki tena sura za wale Wazungu wa zamani, wanataka zao. Wanaleta picha, bosi anapokea, sisi tunapaka. Fundi Nguo anapaka vitambaa, binti mmoja tunayemwita Matunda anapaka matunda na maua, na sura zote ni zangu. Mteja mwenyewe simwoni mpaka siku ya kuchukua mzigo wake.

Basi siku hiyo bosi akanibandikia picha kwenye stendi yangu. "Upendo," akasema. "Sura ya mama hii hapa, watoto hawa hapa. Yule mchanga mwache kama alivyo, wa kwao bado yuko tumboni."

Nikawatazama watoto, brashi ikanitoka mkononi. Walikuwa wanangu, yaani wa dada yangu, tumbo moja. Mimi ni mama yao mdogo.

Shemeji alipomwacha dada alichukua watoto, akahama, akawabadilisha shule. Dada alipowafuata huko, mlinzi alimfukuza getini kwa amri ya baba yao. Ndugu walipomsihi, jibu lake lilikuwa moja tu: "Watoto wameshamsahau." Dada akakonda akabaki macho. Na sasa mtu huyo huyo anataka mke mpya aketi katikati ya watoto wale, aitwe Upendo!

"Vipi, umeona jini?" Fundi Nguo akaniuliza.

"Bora angekuwa jini," nikamjibu.

Ningeweza kukataa. Sikukataa, kwa sababu ilikuwa njia pekee ya kukaa na watoto wale kutwa nzima, nikilisoma shavu la huyu na pengo la meno la yule. Mkubwa alikuwa amerefuka. Mdogo alikuwa na kovu jipya kidevuni, na hakuna aliyetuambia alianguka wapi.

Tatizo likawa macho. Kwenye mchoro wa kale, watoto wanamtazama mama yao kana kwamba hakuna mwingine duniani. Kwenye picha tulizoletewa, kila walipoketishwa na yule mwanamke walitazama kamera, wamekakamaa kama wanaosubiri sindano. Nikamwambia bosi siwezi kubuni mapenzi ambayo sijayaona. Bosi akampigia mteja simu: lete picha ambayo watoto wanamtazama mama.

Akaleta. Mungu wangu, akaleta!

Niliijua kabla sijaishika, maana niliipiga mimi mwenyewe. Dada ameketi kizingitini anawasimulia hadithi ya sungura, watoto wamemkodolea macho, vinywa wazi. Ila sasa dada hayupo. Amekatwa kwa mkasi kutoka juu mpaka chini, na kilichosalia ni mkono wake tu, juu ya bega la mdogo, kwa kuwa mkono usingekatika bila bega la mtoto. Macho yale, yaliyokuwa yakimtazama dada yangu, ndiyo niliyotakiwa kuyapaka yamtazame mwingine. Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni. Nilikwenda uani, nikalia kwa hasira, nikanawa uso, nikarudi.

Kwenye picha ile watoto wanatazama kushoto, alikokuwa dada. Kwenye mchoro, Upendo ameketi upande wa pili, kulia. Kugeuza sura ni kazi ndogo, nimeifanya mpaka nimeichoka. Safari hii sikugeuza chochote. Nilinakili picha kama ilivyo.

Siku ya kuchukua mzigo walikuja wote wawili. Shemeji aliponiona alishtuka. Alijua napaka rangi, ila alidhani ni za ukutani. Akajikausha. Mkewe, tumbo limeshakuwa kubwa, hakunijua. Bosi akafunua mchoro. Mke akatabasamu, akasogea karibu, tabasamu likamwisha.

"Mbona hawaniangalii mimi?"

"Nimefuata picha, mama," nikasema, nikampa aione.

Bosi akanikata jicho. Mke akapitisha kidole kwenye ukingo uliokatwa. "Na huu mkono wa nani?"

"Wa dada wa kazi," shemeji akajibu haraka.

Dada wa kazi! Hapo uvumilivu ulinishinda.

"Dada wa kazi gani, shemeji? Huo ni mkono wa mama yao! Nimezaliwa naye tumbo moja, na picha hiyo nimeipiga mimi. Umemfukuza kwako, ukamfukuza kwenye geti la shule, na leo unamfukuza hata kwenye picha?"

Mke akamgeukia mumewe. "Si uliniambia aliwatupa? Si ulisema hataki hata kuwaona?"

"Usimsikilize huyu, roho mbaya tu inamsumbua. Bosi, hayo macho yageuzwe. Nitasubiri hapa hapa."

Bosi alinitazama mimi, kisha mchoro. Matunda alikuwa ameshika brashi hewani, rangi inamchuruzikia mkononi. Mke hakutujali. Alikuwa anautazama ule mkono ulio begani kwa mtoto, na mkono wake mwenyewe ameuweka tumboni.

"Na mimi siku ukinichoka," akamwuliza, "utanikata hivi hivi?"

Shemeji, mtu wa maneno mengi, aliyewashinda wazee wa pande zote mbili kwa mdomo wake, akageuka akaanza kuufunika mchoro.

Mke akaitia ile picha mkobani, akaniuliza mama yao anaishi wapi. Nikamwelekeza mtaa, nyumba na mlango, kwa sauti ya juu, bosi akisikia, anifukuze akitaka.