Nani Anamjibia Eli Sugden

Treni ya Undugu wa Mwaloni, chama cha wachimbaji, iliondoka mjini saa mbili asubuhi, na kabla ya kituo cha kwanza Amos Thackray alikwishajuta kupanda. Behewa lilijaa wachimba makaa waliojisugua mpaka wakawa wekundu, kila mmoja na mshipi wa kijani begani. Mkabala naye alikaa Martha, mjane wa Eli Sugden, kikapu mapajani.

"Kula, shemeji," Martha alisema, akimkatia mkate wa nyama. "Umekonda kama mlingoti wa bendera."

"Mwache ajinyime," akadakia Jos Pickles, mpiga tarumbeta. "Mshipi wake bado unamtambua. Wangu ulinikana tangu Krismasi; hauzunguki tumbo hili."

Watu wakacheka. Martha hakucheka. Aliinama mbele, akashusha sauti. "Leo utamjibia Eli, sivyo?"

"Nitamjibia."

Kila Juni, Undugu ulikutana ndani ya magofu ya abasia ya Skelby, makao ya kale ya watawa, na majina ya waliokufa mwaka ule yakasomwa. Kwa kila jina ndugu mmoja alisimama na kusema, "Yuko kwetu." Jina lisilo na wa kulijibia lilifutwa kitabuni, na marehemu akahesabiwa kuwa hakuwa ndugu kamwe. Akiwa amekufa na lawama, anayemjibia alipaswa kuweka mkono juu ya jiwe la altare na kueleza amejuaje kwamba marehemu ni safi.

Eli alikufa na lawama. Baraza la uchunguzi lilisema alifungua taa yake ya usalama shimoni ili awashe kiko, gesi ikalipuka, ikamuua yeye na wenzake wawili.

Amos ndiye aliyekuwa mkaguzi. Kila alfajiri alitakiwa kutambaa na taa hadi mwisho wa kila njia, apime gesi, kisha aandike tarehe ukutani kwa chaki kuonyesha ni salama. Siku ile goti lilimuuma. Njia ya Eli ilikuwa ndefu na ya kutambaa kwa tumbo. Aliandika tarehe pale pale mdomoni mwa njia, akageuka. Eli akaisoma chaki, akaingia, akawasha utambi wa baruti ya kupasulia makaa kama kazi ilivyotaka, na gesi iliyokuwamo ikalipuka. Barazani Amos alisema alifika mwisho. Baada ya hapo ilibidi kosa litafutiwe mtu mwingine.

Skelby ilikuwa kuta bila paa, nyasi mahali pa sakafu, kunguru juu ya matao. Mwenyekiti Garside alisoma majina manne, yakajibiwa. Kisha akasafisha koo.

"Eli Sugden."

Mtu nyuma akanong'ona, "Hilo lipite tu."

Martha hakugeuka kumtazama Amos. Alitazama mikono yake mwenyewe, na hilo ndilo lililomwinua Amos. Alitembea hadi kwenye jiwe. Lilikuwa la baridi, ingawa jua lilikuwa kali.

"Umejuaje kwamba ni safi, ndugu?" Garside akauliza.

Angeweza kusema Eli alikuwa mwangalifu, na mambo yakaishia hapo. Pengine wangekubali nusu nusu.

"Sikufika mwisho," akasema. "Niliandika chaki bila kupima. Eli aliniamini. Taa yake hakuifungua."

Jos Pickles alishusha tarumbeta taratibu kwenye nyasi. "Amos, unajua unachokisema?"

"Najua."

Martha alikwishasimama. Hakulia. "Jumapili zote hizi," alisema, "ulikuwa unakuja kwangu. Ukakalia kiti chake. Nikakupakulia."

"Ndiyo, Martha."

"Usiniite jina langu."

Garside alikitazama kitabu. Halafu akaita tena, kwa sauti iliyopasuka, "Eli Sugden." Wanaume mia mbili wakasimama kwa pamoja. "Yuko kwetu," wakasema, na kunguru wakaruka kutoka kwenye matao.

Amos alibaki mkono ukiwa juu ya jiwe. Mdomo wake ulifunguka pamoja na yao, lakini hakujua kama bado ana haki ya kusema "kwetu", akaufunga.